Sanamu ya Askari pale Posta: ndani kumejaa shaba au ni tupu?

muuza_kahawa

Wakuu habari za jioni. Naomba mnitatulie ubishi kabla haujanila mtaji.

Mimi nauza kahawa mjini Dar es Salaam. Saa kumi jioni naweka dele langu karibu na ile sanamu ya Askari, mtaa wa Samora, ile ambayo wazee wanaiita Bismini. Juzi bawabu wa jengo la jirani kakaa kwenye benchi langu, kapiga kikombe cha pili, kaitazama sanamu, kasema: "Ile ndani tupu kama debe." Nikacheka. Nikamwambia kaka, ile ni shaba tupu. Akajibu, "Ndiyo hivyo hivyo, ni shaba, tena tupu." Watu wakaangua kicheko. Mimi nikapandwa na hasira nikaweka dau: kahawa na kashata za bure wiki nzima kwa atakayekuwa sahihi.

Hoja zangu ni hizi. Kitu kimepigwa mvua na jua karibu miaka 100, kingekuwa na uwazi ndani si kingeshabonyea? Halafu Mwingereza wa enzi zile alikuwa anatawala nusu ya dunia, shida ya kubana shaba aitoe wapi? Na yule askari amenyoosha bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Mkono mtupu ungebeba vipi uzito ule?

Bawabu hoja yake moja tu, kwamba mjomba wake alikuwa anasubu sufuria, yaani anayeyusha chuma na kukimimina kwenye umbo, na alimwambia hivyo.

Nani anajua kwa uhakika? Na kama kweli ni tupu, walitoboaje? Hilo ndilo linaninyima usingizi. Huwezi kumchimba mtu wa shaba kuanzia unyayoni mpaka utosini.

Kamanda_wa_Keko

Mkuu imejaa hiyo, tani tano kasoro. Kitu cha serikali hakiwezi kuwa debe. Mwambie bawabu alete kashata yeye.

Mzee wa Kalibu

Mwanangu muuza kahawa, anza kukaanga karanga. Bawabu kakushinda. Na wewe Kamanda, hizo tani tano umezipima kwa mizani ya nani?

Nimesubu vyuma miaka 31 kwenye karakana ya reli. Bloku za breki, beringi za shaba, vifuniko vya pampu, na mara mojamoja kengele ya shule. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Morogoro, lakini mtu akitaja kalibu, lile umbo la kumiminia chuma, mkono unakwenda wenyewe kwenye simu.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Mtu wa kilo 70 ana ujazo wa lita 70 hivi, kwa kuwa mwili wetu hauachani sana na maji kwa uzito. Shaba nyeusi, yaani ile iliyochanganywa na bati, ambayo ndiyo ya sanamu, lita yake moja ina karibu kilo 8.8. Zidisha. Unapata zaidi ya kilo 600 kwa mtu mmoja tena aliye uchi, bado buti, kofia, shanta na bunduki. Sasa chukua ngozi ya mtu huyohuyo, mita za mraba kama 1.9, uipe unene wa milimita 6. Inakuja kilo 100 tu. Sura ileile, pua ileile, na nusu tani ya shaba imebaki ghalani. Unasema Mwingereza hakubana matumizi. Mwingereza gani huyo uliyekutana naye?

Lakini tuache bei. Sababu kubwa ni kwamba shaba ikiganda hujikunyata. Ukisubu kitu kinene, nje kunaganda kwanza, ndani bado uji. Ule uji nao ukiganda unataka kujikunyata, unajikuta umefungiwa, hauna pa kuvuta. Matokeo yake unajichana wenyewe. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimsubia mkubwa wangu tufe la shaba la kukandamizia karatasi, kubwa kama chungwa, nikaling'arisha likawa kama dhahabu. Akalipokea, akalitikisa sikioni, akalirudisha. Tukalikata kwa msumeno mbele ya wenzangu. Katikati mlikuwa na shimo jeusi lenye kingo za kuchongoka, mfano wa jino lililooza. Nilitaniwa kwa jina la Daktari wa Meno mpaka nahamishwa kituo. Sasa fikiria paja la askari limesubiwa limejaa. Lingepasuka kabla halijapoa.

Kuhusu mkono kukatika, tazama fremu ya baiskeli. Ile ni mabomba, na inabeba magunia mawili ya mkaa kutoka Pugu. Kitu chenye uwazi si lazima kiwe dhaifu. Na mafundi wa sanamu pale wanapoona pana mzigo huacha ukuta mnene zaidi, au hupitisha nondo kwa ndani.

Haya, swali lako zuri, walitoboaje. Hawakutoboa. Uwazi ulikuwepo kabla ya shaba.

Nitakueleza kwa kitu nilichokifanya kwa mikono yangu. Nilipostaafu alinijia kijana mmoja mchongaji, anataka kichwa cha bibi yake kwa shaba. Bibi alikuwa bado hai, mkali, hataki kupigwa picha lakini kakubali kukaa mbele ya udongo. Tukaanza na kiini: udongo wa kichuguu, mchanga laini na samadi ya ng'ombe iliyopepetwa, tukafinyanga kichwa kidogo kuliko chake kwa nusu sentimita kila upande. Kibaya, hakina macho, kama kiazi. Kikakauka wiki mbili. Juu yake tukavika nta ya nyuki, unene wa milimita 5, na hapo ndipo kijana akafanya kazi yake: kope, mikunjo ya shingo, chale tatu za shavuni. Kila alichokichora kwenye nta ndicho kingekuja kuwa shaba.

Kisha tukapigilia misumari myembamba kupita kwenye nta mpaka ndani ya kiini, tukaacha vichwa vyake nje. Kumbuka hiyo misumari, nitairudia. Tukabandika vijiti vya nta: kimoja kinene cha kumiminia, vingine vyembamba vya kutolea hewa. Tukapaka juu yake uji wa udongo laini kwa brashi, tabaka baada ya tabaka, halafu udongo mzito, mpaka bibi akawa donge kubwa mfano wa mzinga wa nyuki. Donge likaingia motoni. Nta ikayeyuka, ikatiririka nje tukaikinga kwenye sufuria, iliyobaki ikaungua. Sasa ndani ya donge kuna nini? Kuna kiini kimening'inia, kimeshikwa na misumari tu, na kukizunguka kuna nafasi ya milimita 5 yenye sura ya bibi. Hakuna kitu mle. Nafasi tupu. Misumari isingekuwepo, kiini kingelala upande mmoja na sura ingetoka na shavu nene kama ana jipu, shavu la pili tundu.

Hapo ndipo unamimina. Shaba inaingia ilipotoka nta. Ndiyo maana nakwambia hakuna aliyetoboa.

Tuliyeyusha kilo 15 za koki mbovu za maji. Koki ni shaba ya njano, ina zinki, na zinki inachemka kwenye nyuzi 907 kabla shaba yenyewe haijawa tayari, kwa hiyo moshi mweupe ulitanda uani. Ukiuvuta, usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Jirani alidhani nachoma godoro. Tukamimina, ikanywa vizuri, nikaona shaba inachungulia kwenye tundu mbili za hewa kati ya tatu. Ya tatu kimya. Nikajua. Asubuhi tulipovunja udongo, bibi alikuwa na tundu nyuma ya sikio la kushoto, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Kalibu ilikuwa imepoa upande ule, shaba ikaganda njiani. Kijana alitaka kulia. Bibi mwenyewe alipoletewa alichungulia kwenye tundu, akasema, "Nilijua tu humu ndani hamna kitu." Tuliziba kwa kuchomelea.

Kupoa kwa kalibu ni bahati mbaya ndogo. Unyevu ndio unaoua. Tone la maji likibaki kwenye udongo, shaba ikiligusa linageuka mvuke mara moja na linatafuta pa kutokea. Kovu la mguu wangu wa kushoto nililipata hivyo, na ilikuwa alumini tu, nyuzi 660 na kidogo. Nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani, kalibu sikuikausha ikakauka. Hakuna wa kumlaumu.

Sasa sanamu yako. Aliyeiunda ni James Alexander Stevenson wa Uingereza, aliyekuwa akitia sahihi kwa jina la Myrander. Ilisubiwa London, Westminster, kwa Morris Bronze Founders, ikaonyeshwa kwanza Royal Academy, chuo cha sanaa cha kulekule London, ndipo ikapanda meli. Ilizinduliwa 1927. Sanamu kubwa namna hiyo kwa kawaida husubiwa vipande, kisha huungwa kwa pini, na maungio yakafuliwa na kupigwa tupa mpaka jicho lisione. Ukipata ruhusa ya kuikaribia, tafuta mistari chini ya mikanda na kwenye pindo za nguo. Fundi mwenye akili huficha mshono palipo na mshono.

Na mahali pale palikuwa na sanamu nyingine kabla yake. Mjerumani alimsimamisha gavana wake, Hermann von Wissmann, kwa shaba, na chini yake askari wa Kiafrika akiinua macho kumtazama. Waingereza walipoingia Dar 1916 waliing'oa, wakaipeleka London kama nyara. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, safari hiyo haikusimama. Mtu mzima wa shaba kusafirishwa huku na huku namna hiyo, angekuwa amejaa nani angembeba?

Kamanda_wa_Keko

Nafuta kauli ya tani tano.

muuza_kahawa

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwasomea wateja kwa sauti. Bawabu anachekelea mpaka kahawa imempalia.

Nimekubali. Ila mzee mmoja hapa benchini, msomi kidogo, anasema ufundi huo wa nta waliuleta Wazungu, sisi tulikuwa tunafua majembe tu. Ni kweli?

Mzee wa Kalibu

Marahaba. Mwambie huyo msomi aongeze kikombe akae vizuri.

Majembe tulifua, na si kazi ya kudharau. Lakini njia ya nta ni ya kale kuliko taifa lolote la Ulaya unalolijua. Kule Mohenjo-daro, bonde la mto Indus, wamekuta msichana wa shaba ana sentimita 10 na nusu, mkono kiunoni, bangili mpaka begani, ana zaidi ya miaka 4,000. Kasubiwa kwa nta.

Na Afrika? Mwaka 1938 mtu mmoja kule Igbo-Ukwu, mashariki ya Nigeria, alikuwa anachimba shimo la kuhifadhia maji uani kwake akakuta vyombo vya shaba. Miaka 20 baadaye mwanaakiolojia Thurstan Shaw akaja kuchimba kwa utaratibu. Kuna chungu kimoja mle kimekaa ndani ya wavu wa kamba, kamba zenye mafundo kabisa, na vyote ni shaba, mpaka fundo. Ni kazi ya karne ya 9 au ya 10. Mimi na miaka yangu 31 ukiniambia nisubu kile chungu, nitakuomba likizo.

Vichwa vya shaba vya Ife, Nigeria hiyohiyo, ndivyo vinavyoniondolea majivuno. Baadhi ni karibu shaba nyekundu peke yake, haina bati wala zinki ya kuilainisha. Msomi wako hawezi kujua maana yake, lakini mtu wa kalibu anajua. Shaba nyekundu inataka nyuzi 1,085 ndiyo iyeyuke, ni nzito kutembea ndani ya kalibu, na inakunywa hewa kama sifongo, ikiganda inaitema na kuacha matundu. Karakana tuliikwepa. Tukiletewa nyaya za umeme tunatafuta bati kwanza. Wale walisubu uso wa mtu, ukuta mwembamba, midomo iko sawasawa. Sijui walikuwa wanapuliza mivukuto kwa watu wangapi, ila najua mtu aliyesimama pale mwishoni na kusema "sasa mimina" alikuwa fundi kunishinda.

Mjerumani Leo Frobenius alikiona kichwa kimoja cha Ife mwaka 1910. Alichoshindwa ni kuamini kwamba Waafrika ndio waliokifanya. Akasema ni masalia ya Wagiriki wa Atlantis, kisiwa kisichowahi kuonekana na mtu. Yaani kwake ilikuwa rahisi kuamini kisiwa kilichozama kuliko kumwamini fundi aliye mbele yake.

Benin City, nako Nigeria, wao walikuwa na chama kizima cha wasubu kilichomtumikia Oba, yaani mfalme wao, mtaa wao unaitwa Igun na mpaka leo unawakuta wanasubu pale. Shaba nyingi waliipata kwa Wareno, bangili nzitonzito za biashara, wakaziyeyusha wakafanya mabamba ya kupamba nguzo za ikulu. Mwaka 1897 Waingereza wakauvamia mji, wakachoma, wakabeba maelfu ya vitu hivyo. Vingine vimeanza kurudi miaka hii.

Wala sisemi Wazungu hawakuwa mafundi. Yuko Benvenuto Cellini wa Florence, huyu ningekaa naye benchini kwako. Alikuwa anamsubu Perseus, shujaa wa hadithi za Wagiriki, amesimama, kashika kichwa cha Medusa mkono wa kushoto. Tajiri wake alimwambia haitawezekana, kile kichwa hakitatoka. Siku ya kumimina, tanuri likawashia paa, mvua inaingia, yeye homa ikampanda akaenda kulala anasema nakufa. Akaja mtu kumwambia kazi imeharibika, shaba imeganda tanurini kama keki. Aliruka kitandani akiwa na homa yake. Akaagiza kuni kavu za mwaloni kwa jirani, moto ukanguruma, shaba ikalainika lakini haitiririki vizuri. Akakusanya sahani, bakuli na sinia za nyumbani kwake, za bati, kama 200 kwa maneno yake mwenyewe, akazitupia ndani moja moja. Bati likailainisha shaba, ikatembea, kalibu ikajaa. Ilizinduliwa 1554 na bado iko uwanjani pale Florence. Kwa mujibu wake ilipungua vidole vya mguu tu. Nimewahi kuwasimulia vijana wangu kisa hicho karakana wakacheka, mpaka siku bati lilipokwisha nikamwona mmoja anaitazama birika ya chai ya ofisi.

binti_wa_Mkomani

Hodi humu. Mzee, kwa heshima zako zote, umetoka Ife ukaenda Benin ukafika mpaka Florence, umepita Lamu usiku hukuiona?

Makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, kuna siwa mbili, yaani baragumu kubwa za heshima. Moja ya Pate, ya pembe za ndovu. Nyingine ya Lamu yenyewe, ya shaba, na imesubiwa kwa nta hiyohiyo unayoieleza. Tulipelekwa na mwalimu darasa la tano. Ni baragumu refu kuliko mtoto, limepinda kidogo kama pembe, limejaa nakshi za kuzunguka. Tundu la kupulizia halipo ncha ya mwisho, lipo ubavuni. Muuza kahawa, hapo ubishi wako ungekwisha mapema: siwa ikijaa shaba ndani utapuliza nini?

Si kila mtu aliruhusiwa kupigiwa siwa. Ilikuwa ya watu wa daraja, harusini, jandoni, kutawazwa. Wapate wana kisa cha Mwana Darini, alitaka siwa kwa jando akanyimwa, akamweka fundi kwa siri amchongee yake. Ndiyo hiyo ya pembe, kwa masimulizi yao.

Na kisiwa hichohicho cha Pate, kwenye magofu ya Shanga, Mark Horton alipochimba miaka ya 1980 alikuta simba wa shaba nyeusi, mdogo wa kukaa kiganjani. Mwambieni msomi wa benchini.

Mzee wa Kalibu

Binti, nimeona aibu na nimestahili. Siwa nimeiona picha tu. Ningependa kujua ukuta wake una unene gani, maana mlio wa baragumu uko kwenye ukuta. Kengele ya shule niliyoisubu nene kwa uoga ililia kama mtu anagonga sufuria la ugali.

Umenikumbusha na jambo. Watu huuliza mbona vya zamani vya shaba ni vichache. Sababu ni kwamba shaba haitupwi. Ikichoka kuwa taa inakuwa bakuli, vita vikija inakuwa mzinga, vikiisha inakuwa kengele. Leonardo da Vinci alikusanyiwa shaba ya kusubia farasi mkubwa kule Milano, mwaka 1494 ikapelekwa kufanywa mizinga, farasi akabaki udongo. Sanamu za Wagiriki zilizosalimika nyingi ni zile zilizozama. Wale wanaume wawili wa shaba wa Riace walitolewa baharini Italia mwaka 1972. Bahari ndiyo ghala pekee ambalo muuza vyuma chakavu haingii.

Mukuba243

Jambo sana bandugu. Miye niko Lubumbashi, mutanisamehe Kiswahili cha huku.

Munaongea shaba na hamujaita Katanga? Jimbo letu lenyewe Mobutu aliliita Shaba, kuanzia 1971 mpaka 1997. Bankambo betu walikuwa wanayeyusha mawe ya kijani, malakiti, wanamimina shaba katika kalibu wazi ya udongo ao ya mchanga, inatoka kimusalaba. Kile kilikuwa feza. Ulioa nacho, ulilipa nacho deni. Kwenye makaburi ya zamani ya Sanga, bonde la Upemba, walikuta maiti zimezikwa navyo. Na bendera ya Katanga ya 1960 ina vimusalaba vitatu.

Vile havina nta na ndani vimejaa, mzee. Ni vyembamba, havipasuke. Kwa hiyo muuza kahawa asinyimwe kashata moja ya kufutia machozi.

Mzee wa Kalibu

Mukuba, sahihi kabisa. Kitu chembamba na cha bapa hupoa kwa pamoja, hakina pa kujichana. Na kalibu wazi hewa inatoka yenyewe juu. Kashata moja nimeidhinisha.

muuza_kahawa

Nashukuru wote. Siku ya kwanza ya adhabu imekwisha, bawabu peke yake kala kashata saba na kamleta na binamu yake.

Mzee, swali la mwisho. Jana usiku nimeligeuza dele langu nikaliosha vizuri kwa majivu na ndimu, likang'aa. Chini, karibu na kitako, kuna alama ya duara ya kijivu, kama kovu, kubwa kidogo kuliko kichwa cha msumari. Nimewaonyesha wateja nikawaambia hiyo ndiyo misumari ya kiini aliyosema mzee, dele limesubiwa kwa nta kama Ife. Bei nimepandisha shilingi 50. Nimekosea?

Mzee wa Kalibu

Umekosea mwanangu. Dele limefuliwa kwa bamba, halina kiini. Hapo palitoboka na mtu akaziba kwa lehemu, na ikiwa ya kijivu tena laini, huenda ina risasi. Ikwaruze kwa kucha au kwa kisu. Ikikwaruzika kirahisi, usichemshie tena watu kahawa humo, mpelekee fundi aing'oe azibe kwa bati safi la vyombo.

Na hiyo 50 warudishie.